Cicero, Wakili Aliyeiacha Sheria Siku Moja

Wasomaji wetu wengi wamepata kulisikia jina la Cicero, na wale waliopita seminarini wamelisikia zaidi ya walivyopenda. Sisi wenyewe tulikutana naye kwanza kama jasho la asubuhi: sentensi ndefu za Kilatini, kitenzi kimejificha mwisho kabisa kama mgeni mwenye haya, na mwalimu amesimama akingoja. Miaka mingi ilipita kabla hatujatambua ya kuwa nyuma ya sentensi zile alikuwako mtu, tena mtu mwenye hofu, mwenye majivuno, mwenye binti aliyempenda kupita kiasi, na mwenye tendo moja ambalo lilimfuata mpaka kufa kwake. Ndiye tunayetaka kumsimulia leo, na hasa tendo lile. Miaka tutakayoitaja ni ya kabla ya Kristo, ila pale tutakaposema vinginevyo.

Marcus Tullius Cicero alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka wa 106 katika Arpinum, mji mdogo wa vilimani, kadiri ya kilomita 100 kutoka Roma upande wa kusini-mashariki. Jamaa yake ilikuwa na mali ya kutosha, nayo ilihesabiwa katika tabaka la wapanda farasi, yaani watu wa pili baada ya jamaa za wakuu. Lakini hapakuwa na babu wala baba aliyepata kushika cheo mjini Roma. Hata jina lao lilichekesha, kwa kuwa latokana na neno la Kilatini la dengu. Husimuliwa kwamba rafiki zake walipomshauri alibadilishe, alikataa, akasema atalipa heshima kupita majina ya wakubwa.

Roma ya siku zile haikuwa na mfalme wala kaisari. Wafalme walikuwa wamefukuzwa zamani, na mamlaka yao wakapewa makonsuli wawili, waliochaguliwa kwa mwaka mmoja tu, ili kila mmoja aweze kumzuia mwenzake. Kando yao lilikaa Baraza la Wazee, ambalo kwa Kilatini huitwa Senati, na chini yao mikutano ya raia ndiyo iliyopiga kura. Kwa sheria, raia mwenye asili njema na mali ya kutosha aliweza kupanda ngazi ya vyeo hata juu. Kwa kweli ukonsuli ulizunguka katika nyumba chache, kama kibuyu cha pombe kinavyozunguka kati ya wazee wa jamaa moja, na aliyetoka nje ya nyumba hizo aliitwa mtu mpya, jina lisilokuwa la sifa.

Lakini palikuwa na haki moja ambayo raia maskini alikuwa nayo sawa na tajiri. Sheria iliyotungwa na Gaius Gracchus mwaka wa 123 ilikataza raia wa Roma kuuawa pasipo hukumu ya watu wenyewe. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka jinsi jemadari wa Yerusalemu alivyoingiwa na hofu alipojua kwamba Paulo, aliyekwisha kufungwa kamba tayari kwa mijeledi, ni raia wa Roma. Hofu ile ilikuwa na mizizi katika desturi hii ya kale.

Cicero alipokuwa kijana aliona kwa macho yake jinsi haki hiyo inavyoweza kufutwa. Jemadari Sulla, baada ya kuushinda mji kwa vita mwaka wa 82, alibandika hadharani mbao zenye majina. Mtu aliyeandikwa humo aliweza kuuawa na ye yote, muuaji akalipwa, na mali ya marehemu ikapigwa mnada. Jina moja laongozwa na chuki, jingine na tamaa ya shamba. Mzee mmoja wa mji wa Ameria, Sextus Roscius, aliuawa usiku mjini Roma. Jina lake likaingizwa katika orodha baada ya kufa, na mashamba yake, yenye thamani ya sesterti milioni 6, yakanunuliwa kwa sesterti 2,000 na Chrysogonus, mtumwa wa zamani wa Sulla aliyeachwa huru na kutajirika. Kisha, ili mwana wa marehemu asidai kitu, wakamshitaki kwamba yeye ndiye aliyemwua baba yake. Mawakili wakubwa waliogopa. Mwaka wa 80 Cicero, mwenye umri wa miaka 26, alisimama kumtetea, akamtaja Chrysogonus kwa jina mbele ya waamuzi, na Roscius akaachiliwa. Huo ndio mwanzo wa sifa yake, nasi twaona ulikuwa mwanzo mzuri.

Baadaye alikwenda Ugiriki na Asia kuendelea na masomo, akarudi akiwa na sauti iliyotulia. Mwaka wa 75 alitumwa Sisilia kuwa mtunza hazina, akapeleka ngano nyingi Roma wakati wa upungufu. Alikuwa na hakika kwamba mji mzima unamzungumza yeye. Aliposhuka bandari ya Puteoli wakati wa kurudi, mtu mmoja akamwuliza ametoka Roma lini, na huko kuna habari gani. Kisa hiki alikisimulia Cicero mwenyewe, akijicheka. Tunampenda zaidi kwa ajili yake. Katika safari hiyo ya Sisilia alilitafuta pia kaburi la Archimedes huko Sirakusa, ambalo wenyeji walisema halipo, akalikuta limefunikwa na miiba.

Watu wa Sisilia hawakumsahau. Miaka michache baadaye walipata liwali aliyeitwa Verres, ambaye kwa miaka mitatu aliwanyang'anya ngano, fedha, hata sanamu za mahekalu yao. Mwaka wa 70 walimwomba Cicero awe mshitaki wake. Alipewa siku 110 za kukusanya ushahidi, akamaliza kwa siku 50, akizunguka kisiwa kijiji kwa kijiji na kuwasikiliza wakulima. Miongoni mwa mambo aliyoyaleta, moja liliwasisimua Warumi kupita yote. Verres alikuwa amempiga na kumsulibisha raia wa Roma, jina lake Gavius, kwenye ukingo wa bahari huko Messana, mahali penye kuielekea Italia, ili afe huku akiitazama nchi ambayo sheria yake ingalimwokoa. Wakati wote wa mapigo mtu yule hakulia kilio kingine ila kwamba yeye ni raia. Mashahidi walipoanza kusema, Verres hakungoja mwisho wa kesi, alikimbilia Massilia. Tangu siku hiyo Cicero alihesabiwa kuwa wakili wa kwanza wa Roma, na mtetezi wa haki ya Gavius.

Akapanda ngazi bila kukosa kidato hata kimoja, na kila cheo akakipata katika mwaka wa kwanza ambao umri wake ulimruhusu. Mwaka wa 63, akiwa na miaka 43, akawa konsuli. Kwa muda wa miaka 30 hivi hakuna mtu mpya aliyepata heshima hiyo.

Mwaka huo huo Lucius Catilina, mtu wa nyumba ya kale aliyezama katika madeni, alishindwa tena katika uchaguzi. Alikuwa ameahidi kufuta madeni yote, na waliomfuata hawakuwa wahuni peke yao. Walikuwako wakulima walioharibiwa na riba na askari wa zamani waliopoteza mashamba, nao shida yao ilikuwa ya kweli. Waandishi waliomsifu Cicero hawakupenda kulitaja sana jambo hili. Lakini mashauri ya Catilina yalikuwa ya damu: kumwua konsuli, kuutia mji moto, kuleta jeshi kutoka Etruria. Cicero alipata habari kwa njia ya wapelelezi. Katika Novemba alimkabili Catilina mbele ya Baraza la Wazee kwa hotuba ambayo wanafunzi wa Kilatini wangali wakiisoma, na Catilina akaondoka mjini usiku kwenda kwa askari wake.

Wenzake walibaki. Wakafanya upumbavu wa kuwapa wajumbe wa kabila moja la Galia barua zenye mihuri yao, kuwaomba msaada wa vita. Wajumbe wale walimpasha Cicero habari, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba barua zilikamatwa kwenye daraja la Milvio, lile lile ambalo Konstantino alipigana karibu nalo mwaka wa 312 baada ya Kristo. Watu watano walitiwa mbaroni. Mkubwa wao, Lentulus, aliwahi kuwa konsuli, na mwaka ule alikuwa hakimu mkuu. Mihuri ilikuwa yao, nao walikiri.

Tarehe 5 Desemba Baraza la Wazee lilikusanyika katika hekalu la mungu wa Mapatano, huku wapanda farasi wenye silaha wakilinda mlangoni. Swali lilikuwa moja: wafanywe nini? Baraza halikuwa mahakama. Wengi wa kwanza kusema walitaka kifo. Kisha akasimama Julius Caesar, ambaye bado hakuwa mtu mkubwa, akashauri mali yao itwaliwe na wenyewe wafungwe maisha yao yote katika miji ya Italia. Hakuwatetea wakosaji. Alisema kwamba leo wanaouawa bila hukumu wanastahili, lakini desturi ikiisha kuanza, kesho upanga utashikwa na konsuli mwingine, na hapatakuwa na wa kumzuia. Wazee wakayumba. Akasimama Cato, mtu mkavu aliyeheshimiwa kwa unyofu wake, akadai kifo, nao wakamfuata Cato.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa mikononi mwa konsuli, kwa maana Baraza lilitoa shauri tu. Tumejaribu mara nyingi kujiweka mahali pake. Giza lilikuwa linaingia. Catilina alikuwa na jeshi. Ilisemekana kwamba marafiki wa Lentulus wanakusanya watu wamwokoe usiku. Baba wa nyumba anayesikia wezi mlangoni hasomi kwanza kitabu cha sheria. Lakini watu hawa hawakuwa mlangoni. Walikuwa wamefungwa, wametengwa mbalimbali, bila silaha. Cicero alimchukua Lentulus mwenyewe, akavuka naye uwanja wa Forum katikati ya watu walionyamaza, akamshusha katika gereza la Tullianum, shimo la mawe ambalo mapokeo ya Wakristo wa Roma yanasema Mitume Petro na Paulo walifungwa humo baadaye. Wote watano walinyongwa mmoja baada ya mwingine. Cicero akatoka, akawatangazia watu kwa neno moja tu kwamba maisha yao yamepita. Alirudi kwake kwa mienge na shangwe, akaitwa baba wa nchi.

Aliyemtetea Gavius alikuwa amewaua raia watano bila hukumu ya watu. Wazee wetu husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini yeye hakuchimba kwa nia mbaya, na hilo ndilo linalotutia simanzi.

Kwa muda alijisifu. Alisema habari za ukonsuli wake mpaka watu wakachoka, na hata shairi akautungia. Lakini alikuwa na adui, Publius Clodius, kijana wa nyumba kubwa ambaye Cicero alimharibia ushahidi wake katika kesi ya aibu mwaka wa 61. Clodius alijiingiza katika tabaka la watu wa kawaida ili apate kuchaguliwa kuwa mtetezi wao, na mwaka wa 58 akaleta sheria kwamba ye yote aliyemwua raia bila hukumu afukuzwe nchini. Hakutaja jina. Haikuwa lazima. Cicero alivaa nguo za maombolezo, akazunguka mjini akiomba msaada. Wapanda farasi wengi walivaa kama yeye, lakini wakubwa aliowategemea walifunga milango. Alitoroka usiku. Mara sheria ya pili ikapitishwa, hii ikimtaja kwa jina, pasipo kesi, pasipo shahidi, pasipo neno la utetezi. Nyumba yake juu ya kilima cha Palatino ikabomolewa, na mahali pake Clodius akaweka hekalu la Uhuru.

Alikaa uhamishoni karibu mwaka mmoja na nusu, sehemu ya muda huo huko Tesalonike, akiwaandikia mkewe Terentia na rafiki yake Atticus barua za machozi zisizomletea heshima. Alirudishwa kwa kura mwaka wa 57, na njia yote tangu Brundisium hata Roma watu walitoka kumlaki. Lakini Roma aliyoirudia ilikuwa mali ya wenye majeshi, Pompeius na Caesar, na yeye alijifunza kunyamaza.

Katika ukimya ule aliandika. Kitabu chake juu ya dola kilifundisha kwamba ipo sheria ya kweli iliyo juu ya mabaraza yote, moja kwa mataifa yote na nyakati zote, ambayo hakuna kura iwezayo kuifuta. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilipotea, mpaka mwaka wa 1819 baada ya Kristo, Angelo Mai, mtunza maktaba ya Vatikano, alipogundua kurasa zake chini ya maandishi mengine: mtawa mmoja wa zamani alikuwa amezifuta ngozi zile na kunakili juu yake maelezo ya Mtakatifu Agustino juu ya Zaburi. Tunacheka kidogo, tunasikitika kidogo. Ngozi ilikuwa ghali.

Mwaka wa 51 alipelekwa Kilikia kuwa liwali, katika jimbo ambalo mji wake wa Tarso ungezaa baadaye Mtume Paulo. Alitawala kwa mikono safi, akakataa zawadi. Lakini alikuta deni moja. Watu wa Salami katika Kupro, kisiwa kilichokuwa chini yake, walikuwa wamekopeshwa fedha kwa riba ya 48 kwa mia kila mwaka. Mkusanyaji wa deni alikuwa amewafungia wazee wa mji ndani ya baraza lao kwa msaada wa askari wapanda farasi, mpaka watano wakafa kwa njaa. Na mwenye fedha, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa Brutus, yule yule anayesifiwa vitabuni kwa uadilifu. Cicero aliwaondoa askari, akaamuru riba isizidi 12. Watu wa Salami walikuwa tayari kulipa kwa kipimo hicho. Mkusanyaji akakataa, akaomba jambo liahirishwe. Na Cicero, asitake kumkosa Brutus, akaliacha hivyo kwa liwali atakayekuja baada yake, akijua vema huenda akawa mtu wa namna gani. Watano wa Tullianum aliwaua kwa ujasiri uliopita mpaka. Kwa watano wa Salami ujasiri ulimpungukia.

Vita kati ya Caesar na Pompeius tutaipita upesi. Cicero alisitasita, akamfuata Pompeius, akashindwa pamoja naye, akasamehewa na Caesar. Katika Februari ya mwaka wa 45 binti yake Tullia alifariki baada ya kujifungua. Baba akajificha huko Astura, kando ya bahari, akishinda msituni peke yake, akiandika mchana kutwa kwa sababu hakuweza kuacha kulia. Katika miezi ile na iliyofuata alitoa vitabu vingi sana, juu ya wema, uzee, urafiki na wajibu, akikipa Kilatini maneno ambayo hapo kwanza yalikuwa ya Wagiriki peke yao. Kimoja, kilichoitwa Hortensius, kimepotea. Lakini kijana wa miaka 19 alikisoma huko Kartago, moyo wake ukageuka kuitafuta hekima, naye ni Agustino. Ambrosi wa Milano aliwaandikia mapadre wake kitabu cha wajibu kwa kufuata mfano wake. Yeronimo aliota ameshitakiwa mbele ya Hakimu wa mbinguni kuwa mfuasi wa Cicero kuliko wa Kristo.

Vitabu hivi na barua zake, zaidi ya 900 pamoja na chache alizoandikiwa, hatungekuwa nazo kama si Tiro, mtumwa wake aliyeandika kwa hati ya mkato upesi kama mtu anavyosema. Cicero alimpenda, akamwacha huru mwaka wa 53. Watumwa wengine wengi wa nyumba ile hatuyajui hata majina yao.

Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka wa 44. Antonius alitaka kukaa mahali pake, na hapo mzee huyu aliyechoka akawa tena kama kijana wa kesi ya Roscius. Alitoa au kuandika hotuba 14 dhidi ya Antonius, akijua hatari yake. Lakini hotuba peke yake hazishindi jeshi, na Cicero akatafuta upanga. Aliupata kwa Octavianus, mjukuu wa dada yake Caesar, kijana wa miaka 19 aliyekusanya askari kwa fedha zake bila cheo cho chote. Hilo lilikuwa kosa kubwa mbele ya sheria. Cicero akaliomba Baraza la Wazee limhalalishe, kwa kuwa nia ilikuwa njema. Ni hoja ile ile ya mwaka wa 63.

Katika Novemba ya mwaka wa 43 kijana yule alikutana na Antonius na Lepidus katika kisiwa kidogo cha mto karibu na Bononia. Wakagawana dola, wakaandika orodha, kama Sulla. Kila mmoja alitoa watu wake: Lepidus alimtoa ndugu yake, Antonius mjomba wake. Husemwa kwamba Octavianus alimgombania Cicero siku mbili, na siku ya tatu akamwachilia.

Wauaji walimkuta tarehe 7 Desemba karibu na Formiae, watumwa wake wakimpeleka baharini kwa machela. Watumwa walitaka kupigana. Yeye akawaamuru waishushe machela chini, akatoa shingo yake nje. Alikuwa na miaka 63. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba mkuu wa kikosi kile, Popillius, aliwahi kutetewa na Cicero mahakamani. Kichwa na mikono iliyoandika hotuba vilipelekwa Roma, vikapigiliwa kwenye jukwaa la Forum ambapo alikuwa akisimama kusema. Ndugu yake Quintus aliuawa pia, pamoja na mwanawe.

Alibaki mtoto mmoja wa kiume, Marcus, aliyepata kusoma Athene. Mwaka wa 30 Octavianus, ambaye sasa alikuwa bwana wa peke yake, alimfanya kuwa konsuli mwenzake. Ilitokea kwamba habari ya kushindwa kwa Antonius ilimfikia Marcus akiwa katika cheo hicho, naye akaisoma mbele ya watu, kisha akaibandika kwenye jukwaa lile lile.